Aliyerudi Bila Kufika
Wengi husema mahali pa huzuni kuliko pote katika The Lord of the Rings ni pale Gandalf anapoporomoka shimoni, Moria. Mimi sikulia hapo. Nililia mwishoni: vita vimekwisha, Shire imestawi tena, Sam ameoa na amepata mtoto, lakini kila ifikapo tarehe 6 Oktoba jeraha la Frodo linamuuma upya. Aliowaokoa wanakula na kucheka. Yeye hana raha. Mwishowe anapanda meli na kwenda zake, akimwacha Sam ufukweni.

Babu yangu alirudi kutoka Vita vya Kagera mwaka 1979, viungo vyote vizima. Bibi alizoea kusema mumewe bado hajafika. Kurasa zile ndizo zilizonieleza alikuwa akimngoja nani.