Wawili Hawataki Kula

Kwetu sisi kula si kula tu. Mgeni akikataa chakula, ama umemkosea au yeye kakukosea. Mume akirudisha sahani imejaa, mke anaanza kujiuliza huyu kala wapi. Si ndiyo jamani? Waambie mashosti zako kwamba bwana hali nyumbani, uone kama kuna atakayeuliza kama anaumwa. Watakuuliza jina la huyo mwanamke.

Mimi niliulizwa hilo jina Aprili 2023. Mwezi mmoja nyuma tulikuwa Tanga kumzika mama mkwe wangu, na tuliporudi Dar tulirudi watatu: mimi, mume wangu na Shombo, paka wa marehemu, ndani ya tenga lililofungwa kwa kanga. Aliitwa hivyo kwa sababu mama alimgawia vichwa vya samaki kila siku, mdomo ukawa haukauki harufu. Basi Shombo huyohuyo alifika kwetu Tabata, akaingia chini ya kitanda, akagoma kula. Mwenye nyumba naye vilevile. Anakaa mezani kwa adabu zote, anachezea ugali, anasema "nimeshiba" na matonge matatu hayajafika.

Kwa upande wa mume tulianza na vipimo, na nawe mwenzangu nakushauri uanzie hapo. Hamu ya kula inaweza kukimbizwa na malaria, TB, vidonda vya tumbo, ini, ujauzito, hata dawa unazomeza kwa ugonjwa mwingine. Mtu wa kilo 80 akipungua kilo 4 au zaidi ndani ya miezi sita mpaka mwaka, na hafanyi diet wala mazoezi, huyo si wa kubembelezwa na mchuzi wa nazi. Ni wa kupelekwa hospitali. Vya kwetu vilitoka safi. Daktari akamwambia mume wangu kwa upole kwamba ni msiba, mwili wenye majonzi hufunga njaa, ila wiki zikizidi kwenda na usingizi hauji na hakuna kinachompa raha, arudi, maana sonona ni ugonjwa na una tiba.

Paka hana wiki za kusubiri. Hili wengi hatulijui, tunasema "akisikia njaa atakula mwenyewe." Paka mzima akimaliza siku nzima hajagusa kitu, mpigie daktari wa mifugo. Akifika siku mbili tatu, hasa akiwa mnene kama Shombo, mwili unaanza kuyasukuma mafuta yake kwenye ini kwa kasi ambayo ini haliwezi kuyamudu. Ini linajaa mafuta, na paka anaweza kufa. Kwa hiyo siku ya pili asubuhi, tenga na kanga yake, tukaenda.

Kumbe Shombo alikuwa na mafua pia. Pua ya paka ndiyo sahani yake, asiponusa hali. Ulimi wake una vionjo mia chache tu, sisi tuna maelfu, na mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell kule Philadelphia walionyesha kwamba jeni inayomwezesha mnyama kuonja utamu imeharibika kwa paka. Kwa hiyo maziwa ya sukari aliyotuletea jirani yalikuwa kazi bure, na tena maziwa yenyewe huwasumbua tumbo paka wengi wakubwa. Tulichoelekezwa ni kumsafisha pua kwa maji ya uvuguvugu na kumpa samaki aliyechemshwa bila kitu, aliyetolewa miiba, wa uvuguvugu kama mwili wake, kwenye sahani bapa, mahali pasipo na kelele. Mchuzi wetu usimpe hata kama anaulilia. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya paka.

Sasa hapo nyumbani wifi yangu alishahamia. Nampenda, ila yeye alikuwa na njia moja tu. "Kula kaka, kula! Mama angekuona hivi angefurahi?" Anamjazia sahani, anasimama pembeni kama askari. Kaka mtu anameza machozi, anaondoka. Nilikuwa sipendi lakini wifi ni wifi, utamwambia nini?

Maneno nikayapata kwa daktari wa paka. Alisema tusimsukumizie Shombo chakula mdomoni kwa nguvu, maana paka akilazimishwa akiwa na kichefuchefu huunganisha kile chakula na mateso, na baada ya hapo hata ukimpa kitamu vipi anakikimbia. Weka kidogo, ondoka, baada ya nusu saa toa sahani bila kusema kitu. Nilipofika nyumbani nikamwambia wifi, "Wifi, daktari kasema asilazimishwe." Hakuuliza daktari wa nani.

Ile sahani kubwa ikarudi kabatini. Ikaja ya chai, vijiko viwili vya wali na kipande cha samaki. Asubuhi uji kwenye kikombe, wenye karanga za kusaga ndani, kwa sababu kikombe hakimtishi mtu. Maji baada ya kula, si kabla. Jioni tunatembea mpaka barabara kuu na kurudi. Maswali hakuna.

Shosti mmoja alinishauri vile vidonge vya kunenepa vinavyouzwa mitaani. Vingi ni cyproheptadine, dawa ya mzio. Kweli huongeza hamu ya kula, kwa watu na hata kwa paka, ila inalewesha usingizi, na mume wangu anaendesha gari kila siku. Kama ni dawa, iandikwe na daktari. Na tafadhali, ya mtu usimgawie paka: kidonge kimoja tu cha paracetamol kinaweza kumuua.

Shombo alianza kula siku ya nne ya matibabu, tena kwa mkono wa mume wangu tu. Akawa ndiye anayechemsha samaki, anachambua miiba usiku taa moja imewaka jikoni, anamwita kwa sauti ya mama yake. Jioni moja namsikia ametafuna kitu.

"Huyu samaki hana hata chumvi," akasema. "Ndimu ziko wapi?"

Nikaenda kumkatia.