Ukumbi Ulipokuwa na Bendi Yake

Katika Dar es Salaam ya miaka ya 1980, ukitaja siku ya wiki umetaja ukumbi, na ukitaja ukumbi umetaja bendi. Mlimani Park, yaani Sikinde, walikuwa wa DDC Kariakoo na DDC Magomeni Kondoa. Maquis walikuwa wa White House, Ubungo. Safari Sound walikuwa wa Kimara. Mtu alipanda basi la UDA kutoka Keko au Temeke akijua nani atamkuta jukwaani, na mara nyingi akijua hata ule wimbo mpya umefikia wapi.

Sasa nimeletewa tangazo la msimu wa jazz unaokaribia kuanza katika ukumbi mmoja hapa mjini. Tamasha moja kwa mwezi, kila mara bendi nyingine. Viti vina namba, tiketi inalipiwa kwa simu, na kabla ya saa nne usiku watu wameshatawanyika. Nimefurahi sana. Kuna miaka niliyodhani domo la bata, yaani saksafoni, na tarumbeta vitabaki kwenye kanda za redio tu, na vijana hawatajua kwamba ala hizo ziliwahi kupulizwa mtaani kwao na watu wanaoishi nao. Ila tangazo hilo limenikumbusha pia jinsi ukumbi ulivyokuwa unafanya kazi zamani, na ningependa wanaouandaa msimu huu wajue.

Bendi zetu za Jazz zina umri mkubwa. Dar es Salaam Jazz ilianza 1932, Morogoro Jazz 1944, kisha zikafuata Kilwa Jazz, Western Jazz ya watu wa Tabora waliohamia Dar, na Atomic Jazz ya Tanga. Muziki wenyewe haukuwa ule wa New Orleans. Ulikuwa rumba, uliosikika kwanza kwenye santuri za Kuba, ukakaa na ngoma za kwetu mpaka ukawa dansi la Tanzania. Morogoro Jazz, Mbaraka Mwinshehe akiwa mpiga solo na mwimbaji wake, ilikwenda kupiga hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo ya 1970. Hatukuwa watu wa kuiga tu.

Mwaka 1964 lilitokea jambo ambalo watu hulitaja kwa kupita, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake na kuwaajiri wanamuziki. Mshahara mwisho wa mwezi. Vyombo vya chama. Wengine wakafuata njia hiyo: Polisi, Magereza, JKT, na Umoja wa Vijana waliounda Vijana Jazz mwaka 1971. Mlimani Park ilianzishwa 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ile DDC yenyewe yenye kumbi. Muziki wa watu wengi hauwezi kukaa bila mtu wa kuwalipa watu wengi. Magitaa manne, besi ikiwemo, tumba, dramu, waimbaji watatu au wanne, na nyuma yao mstari wa wapulizaji: hiyo ni familia ya watu kumi na tano na zaidi. Mlangoni peke yake huwezi kuilisha.

Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wa wapulizaji hao, katika bendi ya shirika moja la umma. Kwenye makaratasi alikuwa mhudumu wa ofisi. Kila mtu pale ofisini alijua kazi yake ni tarumbeta.

Tulikaa nyumba moja Magomeni. Jumamosi mchana uani palikuwa karakana. Baba mdogo aliweka beseni la maji ya uvuguvugu, akamwagia sabuni ya unga ikipatikana, kisha akalifungua tarumbeta kipande kwa kipande na kuvipanga juu ya kanga kuukuu kwa utaratibu ambao sisi watoto hatukuruhusiwa kuuvuruga. Vile vibonyezo vitatu alivifuta na kitambaa laini, akavidondoshea mafuta ya cherehani, tone moja moja, kwa sababu mafuta ya tarumbeta yenyewe hayakuwapo nchini. Ile ilikuwa miaka ya foleni, hata sukari ilikuwa ya kupangiwa. Alibonyeza cha kwanza, akasikiliza. Cha pili, akasikiliza. Kikichelewa kurudi juu alianza upya.

Mpiga besi naye alifika na nyuzi zake amezizungushia gazeti. Uzi wa besi ukipigwa wiki nyingi hujaa jasho na mafuta ya vidole, sauti inafifia. Dawa yake ilikuwa kuuchemsha. Mama alishatoa sufuria moja kwa kazi hiyo na kuipiga marufuku jikoni. Nyuzi zilichemka kama robo saa, zikaanikwa kwenye kamba ya nguo, na jioni zikarudi kwenye gitaa zikilia upya. Mpuliza domo la bata alikaa kwenye kigoda akikwangua kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotetemeka mdomoni, kwa wembe, huku akikilenga juani aone kama unene umelingana. Akikosea, hana kingine. Hao ndio watu ambao usiku ule mji mzima ungewaona na mashati ya sare, wanameremeta.

Mazoezi yalikuwa asubuhi, siku za kazi, ndani ya ukumbi uleule walimopiga usiku. Tulichungulia kupitia yale matofali yenye matundu. Mtunzi alileta maneno na sauti yake. Mpangaji wa muziki aligawa kazi: solo aingie wapi, ridhimu ishike nini, tarumbeta zijibu baada ya ubeti upi. Katika Sikinde kazi hiyo ilimjengea heshima kubwa Michael Enoch, ambaye alikuwa ameanza zamani na Dar es Salaam Jazz. Dansi letu lina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni polepole, maneno yanasikika, watu wanacheza wawili wawili na kuitafakari hadithi: mke aliyeachwa, deni, mtoto asiyejua babake. Kisha muziki unageuka, tumba inakazwa, magitaa yanafukuzana, na ala za kupuliza zinakatiza juu yake. Hapo ndipo penye chemko, na hapo sakafu inajaa.

Wimbo mpya ulipelekwa ukumbini kabla haujaenda Radio Tanzania kurekodiwa. Ukumbi ndio uliokuwa mtihani wa kwanza. Nakumbuka wimbo mmoja wa bendi ya baba mdogo ambao wapulizaji waliingia mapema, ubeti wa pili haujaisha. Wapenzi waliokuwa wakicheza wakaanza kurudi kwenye viti mmoja mmoja. Hakuna aliyezomea. Wakati wa mapumziko fundi cherehani mmoja wa mtaani kwetu, mpenzi wa bendi wa siku zote, akamfuata baba mdogo pembeni ya jukwaa: "Kaka, hizo tarumbeta zenu nzuri, lakini mnatuziba maneno. Mwacheni yule mwanamke amalize kulia kwanza." Baba mdogo alicheka, akasema, "Tumekusikia, fundi." Wiki iliyofuata wimbo uleule ulipigwa tena, na tarumbeta zilingoja. Watu hawakurudi kwenye viti. Ulipokwenda studio, bendi nzima ikarekodi kwa pamoja, ulikuwa umeshapita mikononi mwa watu wengi, na fundi wetu alikuwa mmojawao.

Ushindani nao ulikuwa mkali. Msondo, yaani bendi ya NUTA, na Sikinde zilikuwa kama Simba na Yanga. Muhiddin Gurumo, mwimbaji wa NUTA tangu mwanzo, alipokwenda kujiunga na Mlimani Park mwaka 1978, na baadaye mwaka 1985 alipovutwa Safari Sound pamoja na wenzake, watu waligombana majumbani. Lakini hata mabishano hayo yalitokana na kwamba kila bendi ilikuwa na makao. Ungewezaje kumlaumu mtu kwa kuhama, kama hana nyumba?

Mabadiliko yalikuja taratibu, kisha yakaja kwa pamoja. Mashirika ya umma yalianza kuuzwa na kupunguza watu. Vyombo vilichakaa na havikuletwa vingine. Mwaka 1994 Radio One ilianza, na baada yake redio nyingi zaidi, na muziki ukawa unapatikana saa zote bila kiingilio. Kinanda cha umeme kiliweza kutoa sauti inayofanana na tarumbeta, na mwenye bendi akipiga hesabu anaona ameokoa mishahara minne. Bendi mpya zilileta wanenguaji na marapa, zikapata mashabiki wengi, nami sina ugomvi nazo, zilijaza kumbi katika miaka migumu. Ila mstari wa wapulizaji ulitoweka karibu kila mahali. Msondo na Sikinde ndio walioushikilia, na kwa hilo wanaidai nchi hii shukrani ambazo haijawalipa. Bendi ya NUTA ilikuwa JUWATA, ikawa OTTU, sasa ni Msondo Ngoma. Chama kilibadilika na kubadilika, tarumbeta zikabaki.

Baba mdogo alipunguzwa kazini. Aliambiwa arudishe mali ya ofisi. Tarumbeta alilolisafisha zaidi ya miaka kumi lilipokelewa stoo, likaandikiwa hati, likawekwa rafu moja na mashine za chapa zilizoharibika. Hakulalamika mbele yetu. Baada ya muda alijiunga na kundi la matarumbeta, wale wanaosindikiza harusi wakiwa nyuma ya pikapu, akapuliza la kuazima katika barabara ambazo zamani zilikuwa zikimpeleka ukumbini. Na ni kutoka kwenye pikapu hizo vijana wengi wa mjini wamejifunza kupuliza. Kama kuna mpulizaji kijana leo ambaye hakupita shule ya muziki, jua amepita harusini.

Nimesoma kuhusu jazz ya Marekani ili nielewe kwa nini kwao watu hukaa kwenye viti. Kumbe nao hawakuanza hivyo. Ukumbi wa Savoy huko Harlem ulifunguliwa 1926, na bendi ya Chick Webb ilikuwa ya pale, watu wanacheza mpaka jasho linawatoka, weusi na weupe kwenye sakafu moja, jambo ambalo halikuwa la kawaida siku hizo. Tarehe 16 Januari 1938 Benny Goodman aliupeleka muziki huo Carnegie Hall, ukumbi wa watu waliokaa, na ulipokelewa kwa heshima kubwa. Mwaka 1944 serikali yao ilipandisha sana kodi ya sehemu za burudani zenye dansi au waimbaji. Sehemu yenye muziki wa ala tupu bila watu kucheza haikutozwa. Kodi hiyo haikuwa sababu pekee, lakini ilisaidia kuwaondoa wachezaji na kubakiza wasikilizaji. Jazz yao ikawa ya ndani zaidi, ya werevu zaidi. Sakafu ikabaki tupu.

Hivi karibuni nilihudhuria mazoezi ya mojawapo ya bendi zitakazopiga msimu huu. Mpuliza domo la bata ni binti aliyejifunzia Zanzibar, kwenye chuo cha Dhow Countries Music Academy. Katika bendi nyingi za zamani wanawake waliimba tu, na hata hao walikuwa wachache. Kumwona binti amesimama mbele, anaongoza, wanaume wanamfuata, kulinipa furaha ambayo sikuitegemea. Wanachukua nyimbo za dansi na kuzifungua. Ubeti unapigwa mara moja, kisha kila ala inapewa nafasi ndefu ya kusema yake. Na kwa sababu watu wamekaa kimya, besi inasikika. Zamani besi tuliisikia kwa miguu tu. Nilimwuliza wanajuaje kama wimbo umekubalika. Akafikiri kidogo. "Pongezi zenu tunazipata, mama," akasema, "na makofi tunapigiwa kila baada ya solo. Lakini tukishapiga, wimbo huo hatuurudii mpaka tupate mwaliko mwingine. Labda mwakani."

Jibu hilo limekaa kichwani mwangu. Bendi ya baba mdogo iliurudia wimbo kila wiki, mbele ya watu walewale, na ikasahihishwa na miguu yao. Bendi ya binti huyu ina elimu zaidi, vyombo bora zaidi, na wasikilizaji wastaarabu, na haina mahali pa kukosea mara mbili. Vipaji havijapungua. Kilichopungua ni Jumamosi.

Kwa hiyo naomba, nikielekeza ombi kwa wenye ukumbi. Msimu uendelee, viti vyenye namba vibaki, wazee wenye magoti mabovu tunavihitaji. Lakini chagueni bendi moja iwe ya kwenu. Ipeni usiku mmoja kila wiki, mwaka mzima, na iruhusiwe kufanya mazoezi humo asubuhi. Kiingilio kiwe cha fundi cherehani. Ondoeni safu tatu za viti vya mbele ili atakayetaka kucheza acheze. Mtafuteni na mfadhili wa mishahara ya wapulizaji, kwa sababu hao ndio wa kwanza kukatwa hesabu inapobana.

Nawe msomaji, kata tiketi. Ukiona tarumbeta zinaziba maneno, usiishie kupiga makofi na kwenda zako. Wafuate pembeni ya jukwaa uwaambie.