Lokichoggio: Mji Unaohifadhi Chuma



Ndugu zetu wasomaji, mwenye kutoka Mombasa akaishika njia ya Lokichoggio huivuka Kenya kutoka pembe moja hadi nyingine. Huiacha bahari nyuma yake, akapita Nairobi, akapanda hadi Kitale penye mahindi na baridi, kisha barabara ikamteremsha kwenye pengo la milima la Marich mpaka nchi ya Waturkana. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni takriban kilomita 300, na kutoka Lodwar kupitia Kakuma hadi Lokichoggio ni zaidi ya 200 nyingine. Safari nzima yapita kilomita 1,300, na mwisho wake ni mji mdogo karibu na mpaka wa Sudan Kusini, wenye miti ya miiba, vumbi, na uwanja wa ndege mkubwa kuliko mji wenyewe.

Hatukwenda huko kwa matembezi. Jamaa wa mtaa wetu walitutuma kutazama gari. Mtaa ulikuwa umechanga fedha za kununua gari la kubebea jeneza, ambalo siku nyingine lingewachukua watoto wa madrasa. Lile la kwanza halikufa kwa injini. Injini yake ilinguruma hadi siku ya mwisho. Lilikufa kwa kutu. Sakafu yake ililiwa hata aliyeketi nyuma akawa aiona barabara chini ya miguu yake, na wazee wakasema kuwa si adabu tena kumlaza maiti humo. Basi mvuvi alichanga, mama muuza mahamri alichanga, na fedha ile ikawekwa wakfu. Mali ya namna hiyo haitumiki kwa kubahatisha. Tulipopata habari kwamba mfanyabiashara mmoja wa Lokichoggio anauza Land Rover ya zamani isiyo na kutu, ilitubidi twende tukaione kwa macho yetu.

Inafaa tueleze kwanza kwa nini magari ya kale hupatikana katika mji ulio mbali namna ile. Mwaka 1989, baada ya njaa kubwa iliyowapata watu wa kusini mwa Sudan, Umoja wa Mataifa ulianzisha mpango wa misaada uliojulikana kama Operation Lifeline Sudan, na Lokichoggio pakawa kituo chake kikuu upande wa Kenya. Ndege za mizigo ziliruka kutoka hapo kwenda kudondosha chakula ng'ambo ya mpaka. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilikuwa imekwisha fungua hospitali ya Lopiding mwaka 1987 kwa majeruhi wa vita. Mwaka 1992 ikafunguliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, chini kidogo ya kilomita 100 kutoka hapo. Magari yalihitajika kwa wingi, nayo yakaletwa. Kisha mwaka 2005 mkataba wa amani wa Sudan ukatiwa saini jijini Nairobi, na mashirika yakaanza kuhamia Juba. Waliohama hawakuondoka na kila kitu. Baadhi ya magari yaliuzwa, mengine yakaachwa nyuma ya maboma, yakakaa juani mwaka baada ya mwaka.

Na hapo ndipo ajabu ya nchi ile. Tuliyaona mabati na vyuma vilivyotupwa muda mrefu, na bado vilikuwa vizima. Gari lililoachwa bila rangi lilikuwa na wekundu mwepesi juu yake, kama vumbi la hina, lakini ukilikwaruza kwa ukucha ulikuta chuma kigumu chini. Lau lingeachwa hivyo Kizingitini au Shimoni, pasingebaki cha kukwaruza.

Sababu yake si siri. Chuma hakioti kutu kwa uzee. Huota kutu kwa kukutana na maji na hewa kwa pamoja, na kimoja kikikosekana, kutu haiendelei. Lodwar hupata mvua ya takriban milimita 200 tu kwa mwaka. Mombasa hupata zaidi ya milimita 1,000. Tena jambo zito zaidi kwetu sisi wa Pwani si mvua, bali chumvi. Upepo wa bahari huibeba na kuitandaza juu ya kila kitu. Unyevu wa hewa ukifika kiasi cha asilimia 75, chumvi huanza kuunywa unyevu huo na kuyeyuka. Usiku wa Pwani hupita kiasi hicho mara nyingi. Maana yake ni kwamba gari lililoegeshwa Mombasa bila kunyeshewa hata tone moja huweza kuamka asubuhi likiwa limevikwa maji ya chumvi yasiyoonekana. Chumvi hiyo huiharakisha kutu kuliko maji matupu.

Gari tulilolikuta lilikuwa Land Rover ya Series III, aina iliyotengenezwa baina ya mwaka 1971 na 1985, ile ndefu yenye mlango nyuma. Watu wengi husema kuwa Land Rover haioti kutu, na neno hilo ni nusu ya kweli. Gari hilo lilipotokea mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ikatengenezwa kwa alumini. Alumini haioti kutu nyekundu. Lakini chesisi, yaani uti wa mgongo wa gari, ni chuma, na ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva ni chuma pia. Isitoshe, alumini na chuma zikigusana penye maji ya chumvi, alumini nayo huanza kuliwa na kutoa unga mweupe. Kwa hiyo bodi yaweza kung'ara huku uti wa mgongo umeoza.

Tulimchukua fundi kijana wa Kiturkana, naye akaingia chini ya gari na nyundo ndogo na bisibisi. Aligonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, akisikiliza. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hutoa sauti ya kibuyu. Alipochomoka alijipangusa akasema, "Mzee, huku kwetu gari haliliwi na kutu. Linaliwa na jua." Na kweli, mipira yote ilikuwa imepasuka, magurudumu yamekauka, waya zimevuliwa ngozi, na rangi ya boneti imekuwa unga. Hayo yote hununuliwa dukani. Chesisi ilikuwa nzima.

Hapo ingekuwa rahisi kutoa fedha na kurudi kwa furaha. Tukamuuliza, "Mwanangu, na ndani ya chesisi mna nini?" Chesisi ya gari hili ni kama sanduku refu lenye tundu ndani. Fundi akaingiza waya katika tundu moja la kutolea maji, akauvuta, na vumbi likamwagika kama unga unaotoka guniani. Miaka yote ya kuvuka laga na kukimbia mchangani ilikuwa imelijaza sanduku lile.

Ndugu zetu, vumbi hilo huko Lokichoggio halina madhara, kwa kuwa ni kavu. Likishuka Pwani huwa kama sifongo: hunywa unyevu na chumvi, likaushikilia ubavuni mwa chuma usiku na mchana, mahali ambapo jua halifiki na jicho halioni. Gari la namna hiyo huoza kutoka ndani kuja nje. Aliyelinunua hulisifu kwa misimu michache, kisha siku moja chesisi hukatika akiwa njiani. Nchi kame huhifadhi chuma bila juhudi ya mtu, na uhifadhi huo haupandi gari pamoja na mnunuzi. Huishia pale hewa inapobadilika.

Kwa hiyo tulikubaliana bei kwa sharti ambalo wazee wa mtaa waliliridhia kwa simu: sehemu ya fedha isitumike kununua, bali iwekwe kwa kulinda. Wanavyuoni wa fiqhi waliotangulia wamefafanua kuwa mapato ya wakfu hutumika kwanza katika kuutengeneza na kuuhifadhi wakfu wenyewe, kabla ya kugawiwa wanaostahiki, kwani kitu kikiharibika hapana tena cha kumnufaisha mtu. Kanuni hiyo, ambayo wengi tumeizoea katika nyumba na mashamba, ndiyo tuliyoitumia kwa gari.

Kazi ilianza kabla ya kuondoka nchi kavu. Vumbi lilipulizwa kwa kompresa kutoka kila tundu. Lodwar, gari lilioshwa ndani ya chesisi kwa maji matamu ya mto Turkwel, si ya kisima chochote, kwa maana visima vingi vya Turkana vina chumvi. Kisha likaachwa juani siku mbili. Jua lile lile lililoila mipira sasa lilitufanyia kazi ya kukausha, kazi ambayo Mombasa ingechukua wiki na isingekamilika.

Yafuatayo ni ya nyumbani, na yamfaa kila mwenye gari la zamani Pwani, liwe Land Rover, Peugeot 504 la marehemu baba, au pikapu ya kubebea samaki.

Kwanza, penye kutu pasipakwe kitu kabla ya kusafishwa. Fundi apige brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae, na praima ya zinki ipakwe siku ile ile, kwa sababu chuma kilicho uchi kikilala usiku mmoja Pwani huamka na wekundu. Rangi nzito ya lami juu ya kutu ni kifuniko juu ya chungu kinachochemka: huificha na kuifungia unyevu wake.

Pili, ndani ya chesisi na milango ipulizwe nta au mafuta maalumu ya kuzuia kutu, na matundu ya kutolea maji yaachwe wazi. Oili chafu ambayo wengi huipaka husaidia kidogo, lakini hulainisha na kuharibu mipira, na hudondoka ikachafua ardhi.

Tatu, gari lioshwe chini, si juu peke yake, na lioshwe kwa maji matamu. Visima vingi vya mitaa yetu vina maji ya chumvi. Anayeosha gari kwa maji hayo kila Ijumaa anadhani analisafisha, kumbe analipaka kutu.

Nne, zulia la sakafuni liinuliwe na kukaushwa, na gari lisifunikwe turubai ya plastiki. Banda la makuti lililo wazi pande zote ni bora, kwa sababu hewa hupita.

Tano, kazi hii ifanywe kila mwaka wakati wa kaskazi, mwezi wa Januari au Februari, hewa ikiwa kavu, kabla ya masika na kusi kuingia.

Msione kuwa haya ni mageni kwetu. Manahodha wa Lamu na Mombasa hawakuacha jahazi mpaka litoboke. Walilipandisha pwani wakati wa bamvua, wakalikalafati, wakapaka sifa juu na shahamu chini, mwaka hata mwaka. Walijua kuwa adui wa chombo hapumziki, nao hawakupumzika. Sisi wajukuu wao tumenunua vyombo vya chuma tukasahau desturi hiyo.

Dunia nayo inatoa mfano wa pande zote mbili. Jeshi la anga la Marekani huegesha maelfu ya ndege zake za zamani katika jangwa la Arizona, karibu na Tucson, kwa sababu hewa kavu huzilinda. Huo ni mfano wa Lokichoggio. Lakini huko Havana, mji mkuu wa Kuba, magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 bado yanatembea kando ya bahari, mawimbi yakirusha maji ya chumvi barabarani. Hayakulindwa na hewa. Yamelindwa na mikono ya watu ambao hawakuwa na njia ya kupata mapya. Huo ndio mfano wetu, maana sisi hatuwezi kuihamisha Lokichoggio tukaileta ufukweni.

Gari limefika salama, chesisi imepigwa nta, mipira na waya vimebadilishwa. Wazee wameliteulia vijana wawili wa kulikagua kila mwezi kwa nyundo na tochi, na daftari la kuandika walichokiona. Kisanduku cha michango hakikuondolewa mlangoni. Sasa kinakusanya za matengenezo. Atakayeuliza kwa nini tunachanga tena ilhali gari limekwisha nunuliwa, na aambiwe kwamba ununuzi ulikuwa wa siku moja, na bahari ipo kila siku.

Wabillahi tawfiq.