Baridi Tuliyoilalamikia

Siku hizi Julai ikifika Adams Arcade, Nairobi, watu wa Ngong Road hutoka asubuhi wamejifunga makoti mazito, na saa sita mchana wameyabeba mkononi. Julai tuliyokulia Woodley, au angalau ninayoikumbuka, haikuwa na mzaha huo. Ukungu ulitoka upande wa msitu wa Ngong, taa za basi zikaonekana kabla ya basi lenyewe, nasi watoto tukipuliza hewa tukijifanya wavuta sigara. Theluji yetu ilikuwa mvua ya mawe: tulitoka na vikombe, tukaiokota na kuitafuna. Theluji yenyewe tuliiona kwa mbali, asubuhi chache ambazo Mlima Kenya hujitokeza.

Mwaka 1995 nilipopata nafasi ya kusoma Minneapolis, Marekani, koti nililinunua soko la Toi, hatua chache kutoka Adams, jua likiwaka. Mama muuzaji alinifunga zipu hadi kidevuni. "Mwanangu, ndani ya hili baridi haikupati." Koti lilikuja na bunda la mitumba kutoka kaskazini, likarudi kaskazini mgongoni mwangu. Halikufua dafu.

Tarehe 2 Februari 1996, huko Tower, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri, rekodi ya jimbo hadi leo. Gavana Arne Carlson aliamuru shule zote zifungwe. Mjini kwetu zilikuwa kama nyuzi 36 chini ya sifuri. Ukivuta pumzi, vinyweleo vya puani vinaganda. Ukifumba macho, kope zinashikana.

Wenyeji walikuwa wameshajipanga. Tangu 1962 walikuwa wakijenga vivuko vya vioo juu ya barabara, jengo hadi jengo, mtu akatoka ofisini hadi benki hadi kwa kinyozi bila kukanyaga nje. Theluji ikizidi, jiji hutangaza dharura ya siku tatu: leo usiegeshe kwenye barabara kuu, kesho upande wa nyumba zenye namba shufwa, keshokutwa upande wa witiri. Njia ya mlangoni unaikwangua mwenyewe kwa beleshi, na ukishamaliza, ukiwa bado unahema, gari la kukwangua barabara linapita na kukurudishia rundo lote.

Basi sisi Wakenya wa huko tulilalamika kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwenye sherehe zetu nyama ilichomwa nje na mtu aliyevaa glavu, na waliokuwa ndani walihesabu miaka iliyobaki warudi nyumbani. Hakuna aliyesema kwamba ziwa likiganda unaweza kulivuka kwa miguu, au kwamba usiku wa theluji mbichi hauhitaji taa. Tuliyaona, tukanyamaza, kana kwamba kuyasifu ni kuisaliti Nairobi.

Sasa niko Nairobi, na hayo ndiyo ninayoyasimulia. Majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Minneapolis na pacha wake Saint Paul. Februari ile Kombe la Dunia la mbio za ski lilikuwa lifanyike katika bustani ya Theodore Wirth. Nyasi zilikuwa wazi, waandaaji wakategemea theluji ya mashine, hadi theluji ya mbinguni ilipowahurumia siku chache kabla ya mbio. Huku kwetu nako, barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote Mlima Kenya, imepoteza sehemu kubwa mno ya ujazo wake tangu 1934. Hata zile asubuhi chache, weupe wenyewe unautafuta.

Mpwa wangu aliyebaki Minneapolis alinipigia simu mwezi Machi. "Mjomba, lile beleshi lako limekaa gereji tu, linanizibia nafasi ya baiskeli. Nimpe nani?"

Nilimwambia asithubutu.