Moto wa Manjano na Moto wa Buluu

Katika mji wa Heidelberg, nchi ya Ujerumani, alikuwako mwalimu wa kemia, jina lake Robert Bunsen. Siku zile, yapata mwaka 1855, mji ule ulikuwa na gesi ya makaa ya mawe ya kuwashia taa, nayo ikaletwa kwa mabomba hata katika nyumba yake ya kazi. Lakini moto wake ulikuwa wa manjano, ukapaka masizi kila chombo. Kwa taa moto huo ni mwema, maana huangaza. Kwa mtu atakaye joto safi haufai.

Sababu ni hii. Gesi haiwaki pasipo hewa. Ikiipata hewa upande wa nje tu, ndani hubaki chembe za kaboni zisizoungua, nazo hung'aa kwa joto. Zikigusa chombo, hushikamana nacho, ndiyo masizi.

Bunsen akaona yafaa gesi ichanganyike na hewa kwanza, ndipo iwake. Fundi Peter Desaga akamtengenezea bomba lililosimama, lenye matundu chini. Gesi ipandapo kwa kasi huivuta hewa kwa matundu hayo, na moto ukawa wa buluu, hafifu kwa macho, mkali kwa joto.

Vyombo vya namna hiyo vilivyomo shuleni leo vina pete ya kufunika na kufunua matundu. Asidhani mtu kwamba hewa ikizidi ndiyo heri! Ikipita kiasi, moto huvuma, huinuka juu ya bomba, hata huzimika, na gesi huendelea kutoka. Tena gesi ikiwa haba, moto huweza kushuka na kuwaka ndani ya bomba. Hapo hufungwa gesi, bomba likaachwa lipoe.

Jiko la gesi la nyumbani hufuata njia iyo hiyo. Gesi ya propani, sehemu moja, hutaka hewa sehemu 24 hivi. Buibui akitanda utando penye tundu la hewa, moto hugeuka manjano na sufuria huwa nyeusi. Chumvi iliyomwagika nayo huutia manjano, ila kwa kitambo tu. Manjano yakidumu, huenda ikawamo kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu isichukue oksijeni. Katika chumba kilichofungwa huua watu usingizini. Mpishi mwangalifu huuzima moto huo, hufungua madirisha, na jiko hupelekwa kwa fundi.