Tovuti ya Skauti na Kosa la Saa Saba

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Niliposikia methali hii darasani niliiandika kwenye daftari, nikaikariri kwa ajili ya mtihani, basi. Sikudhani kwamba siku moja majuto yangu yangekuwa mjukuu wa kweli, mvulana wa kidato cha pili, amesimama langoni na nyanya yake, blanketi kwapani, na wenzake wamekwisha kwenda.

Ndugu msomaji, mimi ni skauti na pia mwanachama wa Chama cha Kiswahili. Muhula wa kwanza wa mwaka 2025 mwalimu mlezi wa skauti aliniita ofisini.

"Nasikia wewe ni hodari wa tarakilishi," akasema. "Hebu tutengenezee tovuti. Wazazi wajue tunafanya nini, tunakwenda wapi na tutarudi lini. Iandike kwa Kiswahili ili kila mzazi aelewe."

Nilitoka mle ofisini kichwa kimefura kama andazi.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Shule yetu ni ya kutwa. Ikifika saa kumi na moja jioni chumba cha tarakilishi hufungwa na kila mtu hukimbilia matatu. Nilitumia lugha ya HTML tuliyofundishwa darasani. Katika lugha hiyo maandishi huwekwa katikati ya alama mbili, moja ya kuanzisha na moja ya kufunga. Ukisahau kufunga alama ya maandishi mazito, maneno yote yanayofuata yanakuwa meusi tititi. Mwalimu wa kompyuta alinieleza kwamba tovuti ya kwanza duniani, ile iliyotengenezwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi na kufunguliwa kwa umma mwaka 1991, haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa maneno tu, na viungo vya kukupeleka kurasa nyingine. "Tengeneza maneno kwanza," akaniambia. Yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Mimi nilitaka mapambo. Niliweka picha ya Mlima Kenya iliyojaa skrini nzima. Chini yake skauti wakapiga saluti, na moto wa kambi ukawa unawaka na kuzimika wenyewe. Picha hizo nilizitoa kwenye kamera na kuzibandika vivyo hivyo, kila moja ikiwa na megabaiti 4 au zaidi. Wenzangu walipoiona walishika vichwa. "Aisee, umeweza!" wakasema. Nami nikaringa kama tausi.

Mwezi wa Februari tulipanga safari ya Nyeri. Tungezuru kaburi la Baden-Powell, kisha tulale hemani usiku mmoja. Mwalimu aliniachia karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa Kiingereza, na saa ya kuondoka ilikuwa 7:00. Nilitafsiri maneno yote isipokuwa hiyo nambari. Nikaandika: "Gari litaondoka shuleni saa 7:00." Hata neno asubuhi sikulitia. Nikazima tarakilishi nikakimbilia matatu.

Jumamosi hiyo tulifika shuleni alfajiri, maana saa tulikuwa tumetangaziwa kwenye gwaride. Mmoja tu hakuonekana. Alikuwa amekaa nyumbani siku tatu akiugua mafua, lakini alikuwa amelipa pesa za safari. Mwalimu alipiga nambari ya simu aliyoiacha, ikawa haipatikani. Tulimngoja nusu saa, kisha tukaondoka tukiimba.

Huko Nyeri tulisimama kimya mbele ya kaburi. Baden-Powell alianzisha uskauti kwa kambi ya wavulana katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907. Miaka yake ya mwisho aliishi Nyeri katika nyumba aliyoiita Paxtu, akafariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburini pana duara lenye nukta katikati. Hiyo ni alama ya njiani ya skauti, na maana yake ni "nimekwenda nyumbani." Mwalimu akatukumbusha alama nyingine: mshale wa mawe, yaani pita hapa, na vijiti viwili vilivyopishana, yaani usipite hapa.

"Skauti aliyetangulia hajiwekei alama yeye mwenyewe," akasema. "Yeye njia anaijua. Anamwekea anayekuja nyuma."

Hakuwa amemaliza wakati simu yake ilipolia. Alikuwa mlinzi wa lango la shule. Ilikuwa saa saba kasoro robo mchana. Mvulana yule alikuwa amefika na nyanya yake, na walikuwa wakiuliza gari liko wapi, maana lisingeondoka hadi saa saba.

Mwalimu aliitoa rununu yake akafungua tovuti. Tulingoja picha ya mlima ije, ikaja polepole mithili ya kobe. Alipolifikia tangazo alilisoma kwa sauti, kama mtu yeyote asomavyo Kiswahili: "Gari litaondoka shuleni saa saba." Hakunikemea. Alinitazama tu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Gari la kumfuata mtoto halikuwapo, na nyanya hakukubali apande matatu peke yake hadi Nyeri. Wakarudi nyumbani. Usiku ule wenzangu waliota moto na kuchoma viazi. Mimi nilikaa pembeni, viazi vikanishinda kumeza.

Jumatatu jioni nilikwenda kwao pamoja na mwalimu. Nilimwamkua nyanya, nikaomba msamaha. Akanikaribisha chai. Kumbe mvulana alikuwa amelisoma tangazo kwenye simu ya jirani. Alitaka kuufungua ukurasa mara ya pili ili ahakikishe, lakini zile picha zangu zilikuwa zimekula bando lote la jirani, na baadaye simu ikazimika chaji. Nyanya alikuwa ameuza kuku wawili ili mjukuu wake aone kambi.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "sisi tulifuata mlichoandika. Saa saba si ni saa saba?"

Sikuwa na jibu. Mimi, mwanachama wa Chama cha Kiswahili, nilikuwa nimesoma saa kwa Kiingereza na kuiandika kwa Kiswahili. Mswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa moja tangu kupambazuka, na hilo nilifundishwa darasa la kwanza. Mama yangu mwenyewe hajawahi kuniambia nirudi nyumbani "saa 6:00" jioni.

Wiki hiyohiyo niliibomoa tovuti yangu nikaanza upya. Sasa ukurasa wa mbele unajibu maswali ya mzazi: mtoto anakwenda wapi, na nani, anabeba nini, anaondoka na kurudi saa ngapi. Saa naziandika kwa maneno: saa moja kamili asubuhi. Picha nimebakisha mbili, nikazipunguza hadi zisizidi kilobaiti 150 kila moja, na moto wangu wa kambi nimeuzima kabisa. Picha yenye uso wa mwanafunzi haiwekwi mpaka mzazi akubali, kwa sababu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka hivyo kwa watoto. Wenzangu wanasema tovuti imepoa. Waseme.

Mvulana yule sasa ndiye msaidizi wangu. Kabla ya tangazo lolote kutoka, analisoma kwa sauti nami namsikiliza. Juzi alinisimamisha katikati.

"Umeandika Jumapili jioni," akasema. "Jioni saa ngapi? Nyanya atauliza."

Nikachukua kibodi nikaandika: saa kumi na moja.