Kabla ya Kumlaumu Fundi

Injini ya petroli, hata iwe kuukuu namna gani, haidai mengi. Inadai petroli iliyochanganyika na hewa, mgandamizo ndani ya silinda, cheche, na cheche hiyo ije kwa wakati wake. Vikikamilika vyote vinne, inawaka. Kikikosekana kimoja, mtahangaika nayo kutwa nzima hadi betri iishe. Sisi mafrateri tuliopangiwa kitengo cha shamba tumejifunza hayo kwenye trekta la seminari. Tumeona tuwashirikishe wasomaji, hasa ninyi waamini wenye pampu za kumwagilia na mashine ndogo za petroli, kwa kuwa tulichojifunza kinagusa pia namna tunavyowatendea mafundi wetu.

Trekta lenyewe ni Ferguson TE20, lile dogo la kijivu. Matrekta ya aina hiyo yalitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, na yalitoka zaidi ya laki tano. La kwetu lina silinda nne. Halina kompyuta wala ufunguo wa kuwashia. Ili kupiga stata unasukuma mkono wa gia hadi kwenye herufi S, kwa hiyo haliwezi kupigwa stata likiwa limeingizwa gia. Kila kitu kinaonekana kwa macho na kufikiwa kwa spana.

Lilikuwa limeanza kutoa moshi wa buluu na kula oili. Akaitwa fundi mmoja mzee, ambaye wengi hapa tunamwita Babu. Alishusha injini, akabadili ringi za pistoni, akasaga valvu, akaweka gasketi mpya, na ndani ya distribyuta akafunga pointi mpya. Makubaliano yalikuwa alipwe nusu mwanzoni na nusu trekta likiwaka. Alipokaza nati ya mwisho alipata habari ya msiba, akasafiri kwenda kwao kabla ya kuliwasha. Kesho yake likapigwa stata. Injini ikazunguka vizuri, lakini haikuwaka.

Maneno hayakuchelewa. Wapo waliosema mzee amechoka, macho hayaoni, amepanga nyaya za plagi ovyo. Wengine walishauri ile nusu iliyobaki apewe fundi mwingine aje afungue upya. Mvua zilikuwa zimekaribia na shamba la mahindi halijaguswa. Padre Mhazini alitusikiliza, kisha akasema, “Nileteeni sababu, si maoni. Pesa ya mtu haizuiliwi kwa maoni.”

Basi tukaanza na petroli. Kwenye Ferguson tangi liko juu ya injini, na petroli hushuka yenyewe bila pampu. Tulichomoa bomba lake pale kwenye kabureta, tukakinga chupa, tukafungua koki. Ikatiririka bila kukatika. Tukafungua plagi baada ya kupiga stata kidogo, tukakuta zimelowa. Maana yake petroli ilikuwa ikifika ndani ya silinda, ila haiungui. Hapo tukaacha kabisa kugusa kabureta, ingawa mikono iliwasha.

Tukaenda kwenye mgandamizo. Umeme ukiwa umezimwa, mmoja wetu aliziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwingine akazungusha injini kwa hendeli ya mbele. Hewa ilikisukuma kidole kwa nguvu kwenye silinda zote nne. Ringi mpya huwa bado hazijakaa sawasawa, lakini zilitosha. Anayeshika hendeli aweke kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, asiizungushie mkono mzima, kwa sababu injini ikirudi kinyume inaweza kuvunja mkono.

Kisha tukafika kwenye wakati wa cheche, ambao ndio aliotuhumiwa nao Babu. Hapa pana mtego unaojulikana. Pistoni hupanda mara mbili katika kila mzunguko wa kazi: mara moja kugandamiza mchanganyiko, mara nyingine kutoa moshi. Anayefunga distribyuta kwa kuangalia pistoni tu anaweza kuielekeza kwenye safari isiyo yake, na cheche itakuja wakati valvu ya moshi iko wazi. Tukatafuta silinda ya kwanza, ile ya mbele, tukazungusha hadi hewa ikasukuma kidole na pistoni ikafika juu. Tukafungua kifuniko cha distribyuta. Rota ilielekea kwenye waya wa silinda ya kwanza barabara. Tukafuata nyaya nyingine kwa mpangilio wa injini hiyo: 1, 3, 4, 2. Hakuna hata mmoja uliokosewa. Aliyesemwa kuwa haoni alikuwa ameona vizuri.

Ikabaki cheche yenyewe. Tulikausha plagi moja, tukaichomeka kwenye waya wake na kuilaza juu ya chuma cha injini, mbali na petroli, kisha tukapiga stata. Giza. Betri ilikuwa nzima na umeme ulifika kwenye koili. Tukafunga taa ndogo ya kupimia, upande mmoja kwenye nati ya koili iendayo kwenye distribyuta, upande wa pili kwenye chuma cha injini. Injini ikizungushwa, taa hiyo inapaswa kuwaka pointi zikiachana na kuzima zikigusana. Ya kwetu iliwaka moja kwa moja, haikuzima hata mara moja. Kwa macho pointi ziligusana; kwa umeme hazikugusana.

Pointi mpya wakati mwingine huja zimepakwa utando mwembamba wa kuzuia kutu. Tulipitisha kitambaa safi chenye spiriti katikati yake, kisha kipande cha karatasi ngumu. Karatasi ilitoka na weusi. Tukarudisha kifuniko, tukapima tena: taa ikawaka na kuzima, na kwenye plagi ikaruka cheche ya buluu yenye mlio. Tulizikausha plagi zote na kuzifunga. Trekta lilikohoa mara mbili, likatoa moshi mzito wa oili iliyopakwa wakati wa kufunga, likatulia kwenye mngurumo wake.

Taarifa yetu kwa Padre Mhazini ilikuwa nusu ukurasa. Tuliandika kilichopimwa, kilichokutwa, na kwamba kazi ya ndani ya injini ilikuwa safi. Babu alitumiwa nusu yake siku hiyohiyo, akiwa bado msibani, na baadaye tuliambiwa ilisaidia kulisha waombolezaji. Aliporudi alisikiliza injini, akarekebisha kabureta kidogo, akauliza juu ya pointi. Tulipomweleza alicheka akasema huwa anazifuta akiwa anawasha, na siku ile hakuwahi.

Kwa wenye injini isiyowaka nyumbani: pimeni kimoja kimoja, na msibadili vitu viwili kwa pamoja, maana hamtajua kipi kiliponya. Andikeni mnachokikuta. Na kama kuna fundi anayedai, subirini vipimo viishe kabla ya kutaja jina lake.